Vena kava imesinyaa: niongeze dripu?

Swali: Shikamoo daktari. Nafanya kazi hospitali ndogo mwambao wa ziwa, upande ambao kufika Mwanza mjini lazima uvuke maji. Mwaka huu tumepata mashine ndogo ya ultrasaundi ya kubeba mkononi. Juzi tulimpokea mama wa miaka 31, amejifungua siku tisa kabla, homa 39.4, presha 78/40, mapigo 136, anapumua mara 38 kwa dakika. Vena kava yake, ule mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka sehemu ya chini ya mwili, ilikuwa nyembamba, na kila akivuta pumzi inafunga kabisa. Tukaanza Ringa, maji ya chumvichumvi ya dripu. Kila baada ya lita moja tunapima tena, bado inafunga, tunaongeza. Baada ya lita nne presha ilifika 90, lakini usiku akaanza kukohoa na oksijeni ikashuka hadi 83. Tulimvusha alfajiri na sasa anaendelea vizuri. Naomba kujua: vena kava ilitudanganya, au tuliisoma vibaya? Na kwa mashine hii tuliyonayo, tutajuaje wakati wa kuacha kuongeza maji?

Jibu: Marahaba, daktari. Nimefurahi kusikia mama anapona. Hilo lililowapata linatokea hata kwenye wodi zenye mashine kubwa na wataalamu wengi, na ndiyo maana nitajibu kwa urefu.

Vena kava haikuwadanganya, ila mliiuliza jambo isilolijua. Mlitaka ijibu kama mama anahitaji maji. Upana wake unakadiria kitu kimoja tu, nacho ni presha iliyopo kwenye chumba cha juu cha kulia cha moyo. Kwa mtu anayepumua mwenyewe, vena ikiwa na upana wa sentimita 2.1 au chini yake na ikasinyaa zaidi ya nusu anapovuta pumzi, presha hiyo ni ndogo, kama milimita 3 za zebaki. Basi. Na presha ndogo upande wa kulia ndiyo hali ya kawaida ya mtu mwenye afya. Mlaze chali muuguzi mwenzako wa zamu, mwambie anuse kwa nguvu, utaona vena yake nayo inafunga. Hakuna atakayemtundikia lita nne.

Sasa weka juu yake ile pumzi ya mara 38. Mgonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyovuruga mwili mzima, mwenye asidi nyingi kwenye damu anavuta pumzi kwa nguvu zake zote. Kifua kikitanuka hivyo, presha ndani yake inashuka sana, damu inanyonywa kutoka tumboni, na vena inafunga hata kama hajapungukiwa maji. Ndiyo maana baada ya kila lita mliona picha ileile. Kwa sehemu kubwa iliyokuwa ikiifunga ni pumzi yake, na pumzi hiyo haikutulia kwa Ringa. Mapafu yalipoanza kulowa alizidi kuhangaika kupumua, na vena ikazidi kufunga. Huu ndio mtego ninaouogopa kuliko yote: mgonjwa aliyeanza kuzidiwa maji anasomeka kwenye skrini kama aliyepungukiwa.

Kuna na mitego ya mkono. Probu, kile kichwa cha mashine unachogusisha mwilini, ikiwa chini ya chembe ya moyo, ifuate vena ndani ya ini mpaka inapoingia moyoni, kisha pima kama sentimita 2 kabla ya kuingia, karibu na pale vena za ini zinapoungana nayo. Mgonjwa anapopumua, vena husogea pembeni, mwali wa probu unakata ukingo badala ya katikati, na wewe unaona imesinyaa kumbe imehama tu. Zungusha probu uione kwa mkato wa duara, utajua ukweli. Usikandamize tumbo. Na hakikisha hujapima aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni), ambayo iko kushoto kidogo kwa mgonjwa, ina kuta nene, inadunda, na haiingii chumba cha kulia cha moyo.

Vena ikiwa pana na haisinyai, wengi hukimbilia kusema maji yamezidi, wakachoma frusemaidi ya kukojoza maji. Kwetu huku, kabla hujasema hivyo angalia utando wa moyo. Kifua kikuu cha utando wa moyo bado tunakiona, na maji yaliyoubana moyo yanafanya vena ijae kabisa wakati mgonjwa yuko kwenye mshtuko, presha imeporomoka. Huyo ukimpa frusemaidi unamsogeza kaburini. Anachohitaji ni maji yale kutolewa. Vena hujaa pia moyo wa kulia ukishindwa, bonge la damu likiziba mapafu, au hewa ikibana kifua.

Nirudi kwa mama wenu. Kama ningekuwa kitandani kwake, vena kava ningeiangalia mwisho. Ningeanza na moyo. Mwanamke aliyejifungua siku tisa, akaja na presha ya chini na pumzi za haraka, anaweza kuwa na sepsisi, lakini pia anaweza kuwa na moyo uliotanuka na kuchoka kwa ajili ya ujauzito. Ugonjwa huo hujitokeza kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba mpaka miezi mitano baada ya kujifungua, na homa ya jambo jingine inaweza kuuficha. Vilevile kuna vali ya mitrali, mlango kati ya chumba cha juu na chemba ya kushoto ya moyo, iliyobana kwa sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni. Wako wanawake wanaoishi nayo bila kujua mpaka mimba na uzazi viitoneshe. Moyo wa namna hiyo ukidunda 136 hauna muda wa kupitisha damu kutoka chumba cha juu kwenda chemba ya kushoto, na kila lita unayoongeza inarudi nyuma kwenye mapafu.

Huhitaji kuwa bingwa wa moyo. Weka probu kushoto kwa mfupa wa kifua, kati ya ubavu wa tatu na wa nne, upate mkato mrefu wa moyo. Uangalie tu kwa mapigo kadhaa. Kuta za chemba ya kushoto zinasogeleana vizuri? Ncha ya vali ya mitrali inafunguka mpaka karibu kugusa ukuta wa katikati? Ikibaki mbali, zaidi ya milimita 7, shuku kwamba moyo unasukuma kwa shida. Ila kama vali yenyewe ni nene na imekunjika kama goti, kipimo hicho kitupe, maana vali haifunguki kwa ubovu wake, si kwa udhaifu wa msuli. Kwa swali la kama moyo huu unasukuma vizuri, kiasi au vibaya, jicho lililozoea kidogo linatosha. Ukiona unasukuma vibaya, umeshapata jibu la chupa ya pili: usiitundike.

Kutoka moyoni ningeshuka moja kwa moja kwenye mfuko wa uzazi. Hujaniandikia mliona nini huko, nami nakuomba sana usipitwe. Mashine inayopima vena kava ndiyo inayoweza kuonyesha mabaki ya kondo, usaha au damu iliyojikusanya nyuma ya mfuko wa uzazi. Mshtuko wa mama mwenye mabaki yaliyooza hauponywi na Ringa. Unaponywa na antibayotiki ndani ya saa ya kwanza na kuondolewa kwa uchafu ule. Kwa maoni yangu, thamani kubwa ya ultrasaundi kwa mgonjwa wa presha ya chini ni kukuonyesha chanzo: tumbo limejaa damu, moyo hausukumi, utando wa moyo una maji, figo imevimba kwa mkojo uliozibwa. Habari ya maji inafuata nyuma.

Tuje basi kwenye maji yenyewe. Mgonjwa apewe maji kwa sababu viungo vyake havipati damu, na hilo unalisoma kwa macho na mikono: mikono na magoti ya baridi, akili inayopotea, mkojo mchache, na ncha ya kidole ambayo ukiibonyeza kisha ukaachia inachukua zaidi ya sekunde 3 kurudisha rangi. Kama hayo hayapo, presha ya 92 peke yake haikulazimishi kufungua chupa. Yakiwapo, linabaki la pili: moyo huu ukipewa maji utayatumia? Tafiti nyingi za wagonjwa mahututi zinaonyesha kwamba ni takriban nusu tu ndio moyo wao huongeza damu unayosukuma baada ya kupewa maji. Nusu nyingine wanabaki na maji mwilini bila faida.

Njia ninayoipenda ya kupima hilo haitumii hata tone la maji. Mgonjwa awe ameegemea nusu kuketi, nyuzi 45. Pima kwa Dopla, kipimo cha mashine kinachoonyesha mwendo wa damu, mtiririko wa damu inapotoka chemba ya kushoto. Kisha laza mgongo wake na kuinua miguu nyuzi 45, kwa kuinamisha kitanda kizima, si kwa kumshika vifundo vya miguu na kumshtua. Damu ya miguuni, kama mililita 300, inarudi moyoni. Pima tena ndani ya dakika moja. Mtiririko ukiongezeka kwa asilimia 10 hadi 15, moyo unapokea. Usipoongezeka, chupa inayofuata haitafanya kazi ambayo damu yake mwenyewe imeshindwa kuifanya. Rudisha kitanda kilivyokuwa na hakikisha kipimo nacho kinarudi. Kwa mjamzito mwenye tumbo kubwa au mwenye tumbo lililojaa maji, jaribio hili halitegemeki.

Najua vitanda vingi vya wilayani havipindi, na si kila mashine ndogo ina Dopla. Basi fanya kwa vipande. Badala ya lita moja inayokimbia, toa mililita 250 kwa dakika 10 hadi 15 huku umesimama hapo, kisha angalia kidole, mapigo, presha, pumzi na mapafu. Kikisaidia, unaweza kurudia. Kisiposaidia, simama. Uamuzi wa kila robo lita ni kazi, lakini kazi hiyo ndiyo matibabu.

Na mapafu ndiyo jibu la swali lako la pili. Weka probu kifuani, alama yake ikielekea kichwani, upate mbavu mbili na utando wa pafu unaong'aa katikati yake. Pafu kavu linaonyesha mistari ya kulala inayojirudia kwa umbali sawa, tunaiita mistari A. Pafu lililolowa linatoa mistari ya wima inayoanzia kwenye utando, inashuka bila kufifia mpaka chini ya skrini na inacheza pamoja na pumzi, kama miali ya karabai za wavuvi wa dagaa juu ya maji ya usiku. Hiyo ni mistari B. Mmoja au miwili si kitu. Mitatu au zaidi kati ya mbavu mbili, hapo pamelowa. Angalia sehemu nne kila upande, mbele na pembeni kuelekea kwapani. Sehemu mbili au zaidi zikiwa zimelowa pande zote mbili, mapafu yanajaa.

Nakusihi jambo moja: angalia mapafu kabla ya chupa ya kwanza na uandike ulichoona. Nimonia nayo inaleta mistari B, mara nyingi kwa mabaka, upande mmoja zaidi, utando ukiwa mnene na wenye mikwaruzo. Usipokuwa na picha ya mwanzo, usiku mgonjwa akikohoa hutajua kama ni nimonia aliyokuja nayo au ni Ringa yako. Ukiwa nayo, unalinganisha tu. Sehemu zilizokuwa na mistari A saa nane mchana zikawa na mistari B saa kumi, funga dripu, hata kama vena kava inasinyaa, hata kama oksijeni bado ni 96. Mara nyingi mistari hiyo hutangulia kushuka kwa oksijeni, na muda huo mfupi ndio zawadi ya mashine hii kwa hospitali isiyo na mashine ya kupumulia.

Naweka uzito hapo kwa sababu ya yaliyoonekana kwenye ardhi yetu. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, mojawapo ikiwa ya Muheza kule Tanga. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini waligawanywa: wengine wakapewa maji ya haraka, wengine yale ya kawaida tu. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 na 10.5 kwenye makundi mawili ya maji ya haraka, na asilimia 7.3 kwenye kundi ambalo halikupewa. Miaka sita baadaye Zambia ikaleta ya watu wazima. Wagonjwa 209 wa sepsisi yenye presha ya chini pale Lusaka, wengi wao wakiishi na VVU. Waliopewa maji mengi mapema, wastani wa lita 3.5 kwa saa sita, walifariki asilimia 48.1, na waliopewa huduma ya kawaida, wastani wa lita 2, asilimia 33.

Soma tena ile ya Zambia, kuna jambo linalokuhusu. Waliopewa maji mengi hawakumiminiwa kiholela. Walikuwa wanaangaliwa vena za shingoni, pumzi na oksijeni, na maji yalisimamishwa dalili zikionekana. Hata hivyo walikufa zaidi. Kwangu maana yake ni kwamba kusubiri vena ijae ndipo uache ni kuchelewa. Vena kava ni ndugu wa vena ya shingo, na kwenu haikujaa hata baada ya lita nne.

Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa mwaka 2021 bado unapendekeza mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa tatu za kwanza, lakini wenyewe wameuita pendekezo hafifu. Kwa mama wa kilo 60 hiyo ni lita 1.8, na mahali pasipo mashine ya kupumulia mimi naihesabu kuwa dari, si sakafu. Kabla ya kufika hapo, akiwa bado ana presha ya chini na mapafu yanaanza kubadilika, anza noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, au adrenalini kama ndiyo iliyopo. Usisubiri laini ya shingoni. Kanula nzuri kwenye vena kubwa ya mkono, inayokaguliwa mara kwa mara na muuguzi, inatosha kwa saa za mwanzo. Lenga presha ya wastani ya 65.

Kuhara ni habari nyingine kabisa. Mgonjwa wa kipindupindu aliyepoteza lita nyingi chooni, macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta hairudi, mpe maji haraka na mengi, usipoteze dakika kutafuta probu. FEAST yenyewe haikuwahusisha watoto wa kuhara. Aliyetokwa damu nyingi apewe damu. Ninaowahofia ni wale ambao maji hayajatoka mwilini, yamevuja tu kwenye mishipa: sepsisi, malaria kali, kifafa cha mimba, na seli mundu anayeumwa kifua, ambao kanda yetu inao wengi. Hao mapafu yao hulowa kwa kiasi ambacho mwingine asingekihisi.

Utasikia pia juu ya VExUS, njia iliyochapishwa mwaka 2020 na madaktari wa Kanada, ya kupima kwa Dopla vena za ini, vena porta (inayopeleka damu ya utumbo kwenye ini) na vena za figo ili kuona kama viungo vimejaa damu isiyorudi. Ni njia nzuri, na iliundwa kwa wagonjwa waliotoka kupasuliwa moyo. Kwa watu wa mwambao huu nina tahadhari. Kichocho cha tumbo kinaacha makovu kuzunguka matawi ya vena porta, ini linakuwa gumu, bandama inavimba, na mtiririko kwenye vena hiyo unabadilika kwa sababu isiyohusiana kabisa na maji uliyompa. Kabla hujaamini Dopla ya vena porta ya mvuvi, mwangalie bandama na uangalie kama matawi ya vena porta ndani ya ini yana kuta nene nyeupe. Ukiyaona hayo, kipande hicho cha VExUS usikitumie kwake. Na mgonjwa huyohuyo akija anatapika damu, usimjaze. Damu apewe mpaka himoglobini izidi kidogo 7, maana kuijaza mishipa kunapandisha presha ya vena porta na kufungua upya pale palipoanza kuziba.

Mwisho ni rufaa. Tunapompokea mgonjwa aliyevuka ziwa, mara nyingi fomu inasema "amepewa IV fluids" bila kiasi. Andika ni lita ngapi na kuanzia saa ngapi, moyo ulionekanaje, mapafu yalikuwaje kabla ya maji na yalivyo wakati anaondoka, sehemu kwa sehemu, na kama mfuko wa uzazi uliangaliwa. Anayempokea ataanza pale mlipoishia badala ya kuanza upya na chupa nyingine. Safarini aende ameinuliwa kichwa, oksijeni ikiwa na akiba ya kutosha hata kivuko kikichelewa, noradrenalini ikiwa mkononi mwa muuguzi anayejua kuisoma, na kama mapafu yameshalowa, dripu ya maji ifungwe kabla hajatoka wodini, isibaki ikitiririka mpaka ng'ambo.